Nani Kaligusa Gari Hili?

Zuhura mwanangu,

Nimekaa gereji, juu ya ndoo ya rangi niliyoigeuza, naandika alasiri hii kabla hujarudi kutoka kwenye zamu yako ya mwisho pale duka la matairi. Kesho unakwenda Houston kuanza chuo. Mama yako yuko ndani anakufungia vitu, na kwa jinsi anavyofunga mtu angedhani huko Houston hakuna chumvi. Mambo ya kula, kulala, kusali na kupaka mafuta mwachie yeye, ameyaandaa tangu Ramadhani. Mimi sina maagizo. Nimesoma kwenye kundi letu la simu barua ambazo wazazi wenzangu huwaandikia watoto wao wanapoondoka: mche Mungu, chagua marafiki wema, usisahau ulikotoka. Aliyeandika hivyo wiki iliyopita ana miaka sita hasemi na ndugu yake wa tumbo moja, na wote wawili wanaswali msikiti mmoja Richardson. Nikaona afadhali nisijiunge na wenye hekima. Mimi nakuandikia juu ya makalio ya gari.

Gari lenyewe unalijua. Ni lako, lile jekundu, milango miwili, silinda nane, lililotoka kiwandani kabla mimi sijazaliwa. Ulilipata ukiwa na miaka kumi na sita, hapa hapa Haltom City, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja aliyechoka kulitazama. Nyasi zilikuwa zimeota hadi ndani ya sakafu yake. Ulikuja kunivuta mkono nije nilione, nami nikasema hilo si gari, hilo ni banda la paka. Ukalichukua vilevile. Miaka mitatu umelitengeneza, na yale niliyokusaidia sasa naona yalikuwa machache kuliko yale niliyokuzuia. Ulikuwa na daftari lako la jalada la kijani, ukipima kila kitu mara mbili na kuandika. Nilikucheka. Nilidhani kupima ni kazi ya mtu asiyejua.

Nikuambie nilivyofundishwa ufundi, ujue ulikuwa ukishindana na nini. Nilianza Tanga, kwenye gereji ya fundi Mbaraka, na somo langu la kwanza halikuwa spana. Somo la kwanza lilikuwa hivi: gari likiletwa, fungua boneti, kaa kimya kidogo, tikisa kichwa, kisha muulize mwenye gari kwa huruma, "Nani kaligusa gari hili?" Basi. Umeshashinda. Mwenye gari anaanza kumlaani fundi aliyepita, na kosa lolote utakalolifanya wewe kuanzia hapo ni lake yule. Tulimtukana mtu asiyekuwepo asubuhi hadi jioni. Mara nyingine mtu huyo tulikuwa sisi wenyewe wiki mbili nyuma, na mwenye gari kasahau. Nilikuwa hodari sana wa swali hilo. Fundi Mbaraka aliwaambia watu, "Huyu Athumani ana mkono." Mkono gani? Nilikuwa na mdomo.

Na somo la pili lilikuwa kuinua nyuma. Kwetu gari likitoka bandarini haliachwi lilivyo. Unalisukuma gereji, unaliongezea bapa la springi kila upande, unaliinua, kwa sababu kesho litabebeshwa magunia ya mkaa na keshokutwa litaingia shimoni. Gari lililolala nyuma ni gari la mtu aliyeshindwa. Niliyainua mengi, na yalibeba mkaa vizuri, sisemi uongo. Kosa langu ni kwamba nilivuka bahari na somo hilo kichwani, nikaja hadi nchi ambayo barabara zake zimenyooka kama meza, nikaendelea kuliogopa shimo lililobaki Tanga.

Unaikumbuka ile Idi, tulipochoma nyama bustanini Richardson? Ulikuwa umemaliza kulipaka gari rangi ya msingi na umelileta mwenyewe kwa mara ya kwanza. Ulilipaki pembeni, ukasimama karibu nalo kama mama wa bwana harusi. Akaja ami yako Shabani. Wewe unamjua: mtu wa ofisi, wa kompyuta, grisi pekee aliyowahi kuishika ni ya kuku. Akalizunguka mara moja na sahani yake mkononi, akasema kwa sauti ya watu wote, "Athumani, mbona gari la mtoto limechuchumaa? Au liko chooni?"

Watu wakacheka. Wewe hukucheka. Ukamjibu kwa adabu, "Ami, hiyo ndio stock height, kama lilivyotoka kiwandani. Iko level, nimepima."

"Level ni ya wajenzi wa nyumba, mama," akasema, akaendelea kutafuna.

Nami nilicheka nao. Hilo nataka ulijue kwanza, kabla ya yote yaliyofuata: baba yako alisimama na watu wasiojua tofauti ya shokapu na chupa ya soda, akacheka kazi ya mwanawe aliyoijua kuwa ni nzuri. Kisha nikarudi nyumbani na aibu. Aibu ya nini, hata leo sijui. Njiani tukapita pale uwanja wa maduka ambapo Wamarekani huegesha magari yao ya zamani siku za Jumapili, wazee wenye vitambi wamekaa kwenye viti vya kukunja nyuma ya magari wasiyoyaendesha, na nusu ya magari hayo mikia iko juu kama ya nge. Nikasema moyoni, ndivyo linavyotakiwa kukaa. Zamani vijana wao waliyainua hivyo ili tairi pana za mashindano ziingie nyuma. Hawa hawashindani na mtu ila na mbu. Na mimi niliyewadharau mlangoni nikaingia ndani kuwaiga.

Jumamosi iliyofuata ulikuwa kazini. Nikachukua bamba la chuma, nikakata vipande vinne virefu vya kuning'inizia springi kwa nyuma, mahali pa vile vifupi vilivyotoka na gari. Nilihitaji mashine ya kutobolea, nikaenda kuiazima kwa jirani yetu Papa Eliya. Alikuja nayo mwenyewe, akainama, akatazama, akaweka kimoja cha vipande vyangu kando ya cha zamani.

"Papa Zuhura," akasema, "hii chuma ni murefu sana. Motokari itacheza kwa nyuma. Na mutoto alishapima byote."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Wewe unafunga kuku kiwandani, utanifundisha springi?" Mtu aliyeniletea mashine yake mikononi. Aliiweka chini taratibu, akasema nikimaliza nimrudishie, akaenda zake. Alikuwa fundi wa malori huko Uvira miaka kumi kabla ya vita kumtoa. Hilo nililijua. Alishaniambia.

Ukarudi jioni, ukaliona tangu barabarani. Hukupiga kelele. Ulichukua futi yako ukapima kutoka chini hadi kwenye tao la gurudumu, kulia na kushoto, ukaingia uvunguni na tochi, ukatoka na vumbi kwenye nywele.

"Baba, umeinua inchi nne na nusu," ukasema. "Shokapu zimefika mwisho, hazina pa kwenda. Angle ya propela si sawa. Na mbele imeinama, usukani utakuwa unatangatanga. Ikifika sixty itaanza kutetemeka."

"Mimi nimeinua magari kabla mama yako hajanijua."

"Ya kubeba mkaa, Baba. Not this."

Kama ungenitukana ningekusamehe upesi zaidi. Ulisema kweli, kwa sauti ya chini, na ukanipa njia: ukasema kama napenda nyuma iwe juu, tutafute springi mpya zenye mkunjo wa kutosha na shokapu za urefu wake, tuinue inchi moja na nusu, tupime tena. Mtu wa miaka kumi na minane ananipa mimi njia ya kutokea na heshima yangu. Nikakataa. Nikasema gari halikai kwenye nyumba yangu limechuchumaa. Nyumba yangu, gari lako.

Siku ya pili nikaliendesha hadi Fort Worth mjini na kurudi. Likatetemeka pale pale uliposema. Nikarudi nikakuambia ni ubovu wa barabara. Ubovu wa barabara, Zuhura! Texas! Mimi niliyeendesha lori la mbao Lushoto hadi Tanga na breki za upande mmoja. Ulinitazama tu, nadhani ndipo ulipoanza kunijua.

Halafu ikaja harusi ya mtoto wa shangazi yako Mwanahawa. Akina mama wa Fort Worth walikuwa wameahidi pilau, na gari letu la kila siku lilitosha watu na masufuria. Lakini ukumbini Houston angekuwepo Shabani, wangekuwepo wote waliocheka bustanini, nami nilitaka waone mkia ukiingia. Nikachukua funguo zako mezani. Sikuomba, nilikuambia tu kwamba wewe utaendesha letu na pilau, mimi na mama yako tutatangulia. Mama yako alivaa lile gauni la zambarau.

Yaliyotokea unayajua, uliyaona kutoka nyuma. Ila hujui yaliyokuwa ndani. Tulipopita Huntsville mvua ilianza. Usukani ulikuwa ukitangatanga tangu Corsicana, nikiushika kwa mikono miwili na kujifanya nimekaa hivyo kwa raha. Ukampigia mama yako, akaweka sauti ya nje.

"Mama, mwambie Baba apunguze. Nyuma inatembea. I can see it, inatembea."

Mama yako akanigeukia. "Umemsikia?"

"Mwambie aangalie pilau yake," nikasema.

Mbele yetu kulikuwa na lori, likiturushia maji. Mtu mwenye akili angengoja. Nikatoka kulipita, nikakanyaga, na nyuma ikaondoka. Haikuteleza kidogo kidogo, iliondoka tu, kama mtu aliyetoka kwenye mazungumzo. Tuligeuka mara mbili, tukaingia kwenye majani ya katikati ya barabara, tukasimama tumeangalia Dallas. Mama yako alisema, "Athumani," mara moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, na mkono wake ulikuwa umekaa vibaya. Kisha nikakuona unakuja mbio kwenye majani, viatu huna, dera umelikunja mkononi. Ulimwendea yeye kwanza. Ulipomaliza kuufunga mkono wake kwa kitambaa chako, ulipiga magoti ukatazama uvunguni, ukasimama, ukarudi kwake.

Hospitali ya njiani walimfunga plasta. Tulifika ukumbini jioni, tumepanda gari letu la pilau, mama yako mkono umening'inia shingoni, na watu walikuwa wamejaa mlangoni wakitungoja kwa sababu habari ilishafika. Shangazi yako akashika kichwa. "Jamani, imekuwaje?"

Hapo, mwanangu, nilikuwa na nafasi nzuri ya kuwa mtu. Sentensi moja ingetosha. Badala yake nilikaa kimya kidogo, nikatikisa kichwa, vilevile alivyonifundisha fundi Mbaraka, nikasema, "Watoto hawa, dada. Sijui alifunga vipi nati za nyuma. Ningejua ningelipitia mwenyewe kwanza."

Ulikuwa umesimama nyuma yangu na sufuria la pilau mikononi. Shabani alikuwepo. Wote walikuwepo. Walikugeukia wewe, wengine kwa huruma na wengine kwa ile raha ya watu wanaopata habari ya kupeleka nyumbani. Ulingoja kidogo, nadhani ulikuwa ukingoja niseme jambo jingine. Kisha ukasema, "Okay," ukaingiza sufuria ndani.

Tangu siku ile sijasikia shikamoo yako. Asubuhi unaniambia, "Hi, Dad," kwa upole, kama unavyomsalimu mleta barua. Kiswahili umemwachia mama yako. Miezi kumi na minne. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba ndivyo watoto wa huku walivyo, wakikua wanapotelea kwenye Kiingereza, na nilipowaambia wenzangu msikitini walinikubalia kwa vichwa, maana kila mmoja ana wake. Uongo mtupu. Wewe hukupotea popote, uliondoka kwangu ukafunga mlango.

Na gari! Liliporudishwa juu ya lori la kubebea, ulilitengeneza tena. Ulinyoosha bati la juu ya gurudumu la mbele, ukabadilisha rejeta, ukapaka rangi upya. Lakini nyuma hukugusa. Ulifuta vumbi kila mahali ukaishia pale ninapoanzia mimi. Miezi kumi na minne gari limekaa gereji mkia juu, na kila nikiingia kuchukua nyundo naliona. Nimewahi kudharauliwa na watu wengi, wenye haki na wasio na haki. Ya kwako ilikuwa ya haki, na ilinichoma kuliko zote.

Wiki mbili zilizopita ukasema mezani kwamba utakwenda Houston kwa basi. "You can keep the car," ukaniambia. Kisha jioni ile nikakusikia barazani ukiongea na shangazi yako kwenye simu, maana ndiye utakayekaa kwake, na sauti yake unaijua haihitaji spika. Alikuwa akikueleza kwa upendo kabisa kwamba chumba kiko tayari, chakula kipo, ila wajukuu zake hutawaendesha. "Siyo vibaya, mwanangu, ila baada ya yale ya mama yako, wewe mwenyewe unaelewa." Nawe ukamjibu, "Naelewa, shangazi." Kwa Kiswahili safi. Hukujitetea hata kidogo.

Nilirudi ndani nikakaa kitandani. Nilikuwa nimedhani neno lile lilikufa pale mlangoni. Kumbe lilibaki Houston, likapewa chumba, na sasa wewe unakwenda kukaa nalo nyumba moja.

Jumatatu nikaomba ruhusa ya siku tatu ghalani ninakofanya kazi. Jambo la kwanza nikaenda kwa Papa Eliya. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu. Nilipofika kwenye "siku ile nilikukosea" akanikata. "Haina neno, Papa Zuhura. Leta jeki." Alikuja siku zote tatu baada ya zamu yake, na hakuniambia hata mara moja kwamba alinionya. Mimi nisingeweza.

Nilitafuta pa kupata vile vyuma vifupi vya asili. Nikakumbuka nilivitupa kwenye pipa. Kumbe ulivitoa. Nilivikuta kwenye kabati lako la chini, umevipaka mafuta, umevifunga kwenye kitambaa, na karatasi juu yake imeandikwa kwa mwandiko wako kwamba ni vya nyuma, vya asili, visitupwe. Uliviokota siku ile ile ya vipande vyangu virefu, kabla ya mvua, kabla ya harusi. Ulijua nitavihitaji.

Tukaondoa vyuma vyangu, tukaweka vyako. Springi tumefungua, tumesafisha, tumerudisha. Shokapu mpya, za urefu unaotakiwa. Papa Eliya alipiga msasa, mimi nikakaza nati zote kwa ile spana yako ya kipimo, kwa namba ulizoandika wewe. Halafu nikafungua daftari la kijani kwenye ukurasa wa nyuma ya gari, nikachukua futi, nikapima. Kulia sawasawa na ulivyoandika. Kushoto pamepungua.

Nikalegeza, nikakaza tena. Pamepungua. Nikabadilisha springi kulia kwenda kushoto, kazi ya mchana mzima. Pamepungua vilevile. Nikaanza kutukana. Nilimtukana aliyetengeneza zile springi, nikamtukana aliyelikunja gari hilo zamani, na nikasikia mdomo wangu wenyewe unasema, "Sijui nani kaligusa gari hili." Papa Eliya alikuwa amekaa pale pale kwenye ndoo hii. Alicheka hadi akakohoa. Kisha akanyoosha kidole kwenye daftari, chini kabisa ya ukurasa, pembeni, ambapo sikusoma kwa sababu mimi huwa sisomi hadi chini. Uliandika kwamba sakafu ya gereji imelala kuelekea kushoto, kwa hiyo kabla ya kupima weka ubao chini ya matairi ya kushoto. Na ubao wenyewe umesimama nyuma ya mlango, una jina lake.

Nimefanya kazi juu ya sakafu hii miaka kumi na mitano. Nimelala juu yake kwa mgongo. Sikujua kwamba imelala. Kila nilichopima humu kilikuwa cha upande, nami nikawa nawasahihisha wengine. Tukaweka ubao, tukapima. Sawa kwa sawa, pande zote mbili.

Jana nikamwambia mama yako. Nilimkuta anakunja kanga zako, nikasimama mlangoni, nikasema, "Siku ya harusi nilikuumiza wewe, nikamsingizia mtoto. Zile nati hazikuwa na kosa. Ni mimi." Hata hakuinua uso.

"Nilikuwa ndani ya gari, Baba Zuhura."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema nitamwachia mwenye mdomo wake. Nikangoja. Mkono ukapona, bado nangoja." Akanipa ncha ya kanga nimsaidie kukunja. "Na sasa umeniambia mimi ninayejua. Hodari sana."

Basi leo asubuhi nimempigia shangazi yako. Nimemweleza yote, ya bustanini, ya vyuma, ya simu yako barabarani, ya lori. Ulishawahi kumsikia shangazi yako amenyamaza? Mimi leo mara ya kwanza. Kisha akasema, "Athumani, mwaka mzima namtazama mtoto wa watu kama muuaji." Nikamwambia ni mtoto wangu. Akasema, "Sasa ndio unakumbuka?" Akaniambia maneno mengine ambayo sitayaandika, mengine ni ya mama yetu marehemu, aliyekupa jina, na yote yalikuwa ya kweli. Mwisho akasema kuniambia yeye peke yake hakutoshi, nilichosema mbele ya watu nikakikanushe mbele ya watu.

Nikarekodi ujumbe, nikauweka kwenye kundi letu, lile la Fort Worth, Dallas na Houston, lenye kila mtu aliyekuwa mlangoni. Nilirekodi mara tano. Mara nne za kwanza nilijikuta natafuta pa kujiegemeza: mvua, lori, vyuma vya huku. Ya tano ni fupi. Nimesema gari lilikuwa sawa mikononi mwa Zuhura, nikaliinua mimi ili Shabani asinicheke, binti yangu akanikataza mara mbili, nikamuumiza mke wangu, nikamsingizia mtoto. Utausikia, kama hujausikia tayari. Shabani alikuwa wa kwanza kujibu, akatuma vicheko vitatu. Nikavitazama vile vicheko, na nikashangaa sana. Hivi ndivyo nilivyoviogopa? Kwa hivi nilimtoa kafara mwanangu? Havikuwa hata na uzito wa nati moja.

Sikuambii haya ili unisamehe kabla hujaondoka. Hiyo nayo ingekuwa kukuharakisha kwenye mvua. Wala sikuambii usiwe kama mimi, wewe huna dalili hiyo, umetoka kwa mama yako. Ninachokijua ni kidogo na nimekipata kwa aibu: mtu akikupa vipimo, soma hadi chini ya ukurasa. Na siku utakapoharibu kazi, maana utaharibu, kila fundi huharibu, taja jina lako kabla hawajauliza. Ukichelewa saa moja tu, jina la mwingine linakuja mdomoni lenyewe, na ni tamu.

Funguo nimeziweka juu ya daftari, kwenye meza ya gereji. Tangi limejaa. Nimeliendesha leo hadi njia kuu na kurudi, Papa Eliya pembeni yangu, na kwenye sitini halikutetemeka, wala sabini. Vile vyuma vyangu virefu sikuvitupa, nimevipigilia ukutani juu ya meza, nivione kila nikifungua mdomo humu ndani. Ukitaka kwenda na gari, nenda nalo. Ukitaka basi, panda basi, nami nitakupeleka stendi bila neno. Gari litabaki hapa limekaa sawa, ubao chini ya matairi ya kushoto, hadi utakapolitaka.

Wataendelea kupita watu, wataliona, watauliza, unawajua. Atakayeuliza nani aliliharibu nitamwambia. Na atakayeuliza nani kaliweka sawa, nitamwambia pia: Zuhura, binti yangu. Mimi nilisoma tu alivyoandika.

Baba yako,
Athumani